Mechi sita tu na ushakasirika: shabiki ana haki ya kudai nini mwanzo wa msimu?

Swali limetoka kwa kijana wa Majengo, Moshi. Nimelifupisha maana lilikuwa refu na lina matusi mawili matatu ya saa kumi usiku:

"Kocha shikamoo. Timu yangu ya NBA imecheza mechi 6 imefungwa 4. Kufungwa sio ishu sana, kinachoniua ni jinsi wanavyofungwa. Hawarudi kukaba, mpira ukidondoka chini wanautazama tu, staa wetu akikosa lei-apu (ile ya karibu kabisa na kikapu) anabaki anabishana na refa. Washkaji wananiambia bado mapema, msimu una mechi 82, tulia. Sasa mimi naamka saa nane na nusu usiku, namaliza bando, saa mbili nipo kazini macho mekundu. Nina haki ya kudai kitu mapema hivi au ndo mimi sijui basketi? Timu usiitaje, watanicheka."

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa usingizi. Timu siitaji, ingawa kwa maelezo hayo nusu ya wasomaji wanadhani umeongelea ya kwao, maana wiki hizi za mwanzo nusu ya ligi inacheza hivyohivyo.

Haki unayo. Ila washkaji zako nao hawajakosea, mnabishana kwa sababu mnaongelea vitu viwili mkidhani ni kimoja. Wewe ni wa Moshi so hili utalishika haraka: mtu kapanda mahindi mwezi wa tatu kule tambarare, mwezi wa nne huwezi kwenda kumuuliza mahindi yako wapi, atakuona chizi. Lakini ukipita shambani kwake ukakuta magugu yameyapita mahindi kwa urefu, hapo unamuuliza vizuri tu, palizi haijawahi kusubiri mwezi wa saba. Ushindi, asilimia za kurusha, mfumo kukaa sawa, hayo ni mahindi. Kurudi mbio kukaba, kugombea mpira wa chini, kumziba mtu wako kwa mgongo ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, inapodondoka, kuongea kwenye difensi, hiyo ni palizi na unaidai kuanzia mechi ya kwanza.

Tuanze na mahindi maana ndo washkaji zako wanaposhinda. Mechi 6 kati ya 82 ni kama asilimia 7 tu ya msimu. Ukiipeleka kwenye Ligi Kuu yetu ya mpira wa miguu yenye mechi 30 ni sawa na Simba au Yanga kucheza mechi mbili na kitu, na najua huku kwetu mechi mbili zinatosha kabisa kumtafutia kocha tiketi ya ndege, lakini tukiwa tumetulia tunajua ile sio akili.

Alafu kuna hesabu ya pointi tatu ambayo watu hawapendi kuipiga. Chukua mchezaji wenu anayeingiza asilimia 36 ya anazorusha za pointi tatu, ambayo ni kama wastani wa ligi nzima, anarusha 6 kila mechi. Mechi sita karusha 36, unategemea aingize 13. Akiingiza 9 ni asilimia 25 na mitandaoni washamwambia astaafu, akiingiza 17 ni asilimia 47 na watu wanataka aongezewe mkataba, kumbe kila upande ni tofauti ya mipira minne na kawaida yake, minne ndani ya wiki mbili, upepo tu ule. Na wapinzani wenu vilevile, kuna usiku kila wanachorusha kinaingia hata umewanyooshea mkono mpaka kwenye pua, hapo difensi yenu inaonekana mbovu kwenye karatasi na hamjafanya kosa lolote. So ukiniletea hoja ya "tumefungwa nne" au "hatuingizi", mimi nakaa upande wa washkaji zako.

Kingine kinachohitaji muda ni mfumo. Timu za NBA zinaingia kambini kama wiki tatu kabla ya msimu, baada ya hapo ni mechi tatu nne kwa wiki, ndege, hoteli, mazoezi ya maana yanakuwa machache kuliko unavyofikiria, yaani hata vijana wangu ninaowafundisha hapa Ngarenaro, Arusha, wanafanya mazoezi mazima mengi kwa wiki kuliko hao jamaa wakishaanza msimu. Kwahiyo kocha akija na kitu kipya anakifundishia humohumo kwenye mechi, wewe ukiwa umeamka unaangalia.

Boston Celtics msimu wa 2021-22 ndo mfano ninaoupenda. Kocha mpya Ime Udoka kaja na habari ya walinzi kubadilishana watu wa kukaba karibu kila skrini, yaani kila mpinzani mmoja anaposimama kumzibia njia mlinzi. Mechi ya kwanza wakafungwa na Knicks 138-134 baada ya dakika za nyongeza mara mbili, baada ya mechi saba wako 2-5, yaani wameshinda mbili wamefungwa tano, na hiyo ya saba walikuwa nyumbani na Chicago, wameingia kota ya nne wanaongoza kwa 14, wakafungwa 128-114, mchezaji wao Marcus Smart akatoka akasema hadharani kwamba mastaa wa timu, Tatum na Brown, hawataki kutoa pasi. Mwezi wa kwanza bado walikuwa 18-21. Kuna jamaa yangu hapa Sakina ni Boston wa kufa, alinitangazia anauza jezi, na mteja alishapata. Wakamaliza 51-31 wakiwa na difensi namba moja ya ligi nzima, wakafika fainali, wakafungwa na Golden State 4-2. Jezi hakuuza, ila mpaka leo anakataa kwamba aliwahi kuitangaza.

Sasa kitu cha kujifunza hapo sio kwamba subira inalipa, hiyo kila mtu anaijua. Angalia kwa nini walionekana wavivu. Mkiwa mnajifunza kubadilishana watu kuna sekunde moja ambayo wawili wanadhani mtu ni wa mwenzake, wote wanasimama, jamaa anapita katikati anaweka lei-apu kama yuko mazoezini. Kwenye simu, picha yenyewe inakwamakwama kwa sababu ya bando, ile inaonekana uvivu mtupu. Kuchanganyikiwa na uvivu vinafanana sana kwa mbali. Mimi natofautisha hivi: aliyechanganyikiwa anageuka, anamtafuta mwenzake kwa macho, ananyoosha mikono, mpira ukishakufa wanasogeleana wanaongea. Mvivu hageuki. Anajua kabisa mtu wake yuko wapi na anamsindikiza kwa macho.

Na kuna uvivu mwingine ambao ni amri ya kocha, hapa nikupe kisa. Uwanjani kwetu kuna mama anauza karanga na mayai ya kuchemsha, sheria za basketi hajui hata moja, miaka yote ananiuliza kwa nini kuna kikapu cha moja, cha mbili na cha tatu. Lakini jicho lake nikwambie ukweli ni zuri kuliko la wazazi wengi wanaokuja na viti vyao. Anachopiga kelele ni kimoja tu, "mbona yule anatembea?", na mara nyingi kabisa yuko sahihi, vijana wanamwogopa yeye kuliko mimi. Sasa kuna mwaka tumeanza ligi ya mkoa vibaya, akamshikia bango dogo mmoja mwembamba, kila tukirusha yule dogo hagombei ribaundi, anageuka zake anarudi nyuma taratibu. Mama akamsema mechi nzima mpaka dogo akaanza kulia. Kumbe nilimwambia mimi! Tulikuwa tunafungwa sana kwa fasti breki, yale mashambulizi ya mbio kabla hatujarudi, nikamwamuru mpira wetu ukiruka tu wewe rudi, usiguse ribaundi, wewe ndo mlinzi wa geti. Ilibidi nimfuate mama nimweleze, akanijibu "sasa si ungetuambia". Ana pointi.

Hiyo utaiona sana NBA. Timu nyingi haziwapeleki watu kugombea ribaundi ya kushambulia, wanaona bora warudi mapema. Au unaona senta wenu, yule mrefu, skrini imewekwa kule juu na yeye kabaki chini karibu na kikapu kama mtu anayesubiri daladala, umeshaanza kumtukana, kumbe ndo mpango, kocha anataka mpinzani arushe ile ya mbali kidogo ya pointi mbili badala ya kufika kikapuni. Kabla hujamuita mtu mvivu jiulize kama kila mrefu wa timu yenu anafanya hivyohivyo. Kama ni wote, lalamikia kocha. Kama ni yeye peke yake, endelea kutukana kwa amani.

Haya, palizi sasa, ambapo wewe ndo una haki na mimi sitaki kusikia habari ya bado mapema.

Kurudi mbio hakuhitaji kambi. Hakuna mfumo unaochukua miezi miwili kujifunza kukimbia baada ya kukosa lei-apu. Staa anayebaki kule mbele anabishana na refa wenzake wanakaba wanne kwa watano, hilo halisababishwi na ugeni wa kocha wala ratiba, na sijawahi kuona refa aliyerudisha pointi kwa sababu mtu alinyoosha mikono. Mpira wa chini vilevile. Namsamehe mtu kwenye usiku wa pili mfululizo tu, maana kila timu inacheza siku mbili zinazofuatana zaidi ya mara kumi kwa msimu na miguu inakataa kweli, na namsamehe kidogo akiwa Denver, mji uko mita 1,600 na ushee. Sisi wa Arusha tunalijua hilo, tuko kwenye 1,400 na kila timu ya kutoka Dar ikija huku kota ya kwanza ni moto, kota ya tatu mikono iko kiunoni. Vijana wa Moshi mko chini zaidi yetu lakini mnakuja na visingizio vilevile.

Sasa kwa nini nasema idai mapema? Kwa sababu kuna timu ambazo "bado mapema" ilizizika. Detroit Pistons 2023-24 walianza 2-1, safi kabisa, alafu wakafungwa mechi 28 mfululizo. Ishirini na nane! Mwezi wa kumi na moja wote shabiki wa Detroit anaambiwa tulia vijana wadogo hawa, mwezi wa kumi na mbili uwanja mzima unaimba wenye timu waiuze, msimu umeisha 14-68 na kocha akaondolewa. Mwaka uliofuata kocha mwingine, J.B. Bickerstaff, vijana wengi walewale wakaongezewa watu wazima wachache, wakashinda 44. Kipaji hakikuota ghafla kiangazi kile, ukiwaangalia kilichobadilika kwanza ni kwamba walikuwa wanakaba kama watu wanaogombania kiwanja.

Ila usinigeuzie hii ukasema basi rekodi ya mwanzo inasema kila kitu, maana msimu huohuo wa 2024-25 Cleveland walianza 15-0, wakamaliza na ushindi 64, raundi ya pili ya mtoano wakatolewa na Indiana 4-1. Indiana haohao walikuwa 10-15 mwezi wa kumi na mbili unaanza, watu wao muhimu kina Nembhard na Nesmith walikosa mechi nyingi kwa majeraha, lakini kukimbia hawakuacha, mwisho wa siku wako fainali wanacheza mechi ya saba na Oklahoma City. Ukimuuliza shabiki wa Cleveland leo atakwambia angebadilisha zile 15 zote kwa mechi mbili za mwezi wa tano.

Hata wenye ligi wanajua kwamba huu ndo mwezi wa watu kujivuta, sio wewe tu unayelalamika. Mwaka 2023 waliweka mambo mawili kwa pamoja, kwanza mchezaji lazima afikishe mechi 65 ndo aweze kugombea tuzo kubwa kama MVP, ile ya mchezaji bora wa msimu, pili wakaanzisha kombe la ndani ya msimu linalochezwa hasa Novemba, Lakers walipochukua lile la kwanza kila mchezaji mwenye mkataba kamili akaondoka na dola 500,000. Ukiona tajiri anatoa hela kumwomba mfanyakazi wake ajitume Novemba jua tatizo lipo.

Lakini swali lako la kweli nadhani ni viwango, sio bidii ya usiku mmoja. Bidii inaweza kupotea usiku mmoja kwa mtu yeyote, mimi mwenyewe kuna siku naenda mazoezini natamani mvua inyeshe. Kiwango unakiona kwa kocha, sekunde thelathini baada ya kosa. Staa kabishana na refa hakurudi, wamefungwa, sasa usimwangalie staa, angalia benchi. Kocha kaita mtu avue traksuti? Kaita taimuauti? Au kageuka kuangalia ubao kama hajaona? Kama dogo wa mwisho benchini akifanya kosa hilo anatolewa na staa anaachwa, basi timu yenu haina kiwango, ina watu wa kuonewa tu, na wachezaji wote kumi na watano wanalijua hilo kabla yako. Mechi sita zinatosha kabisa kuliona hili. Ndo kitu pekee ambacho ningekukubalia ukikasirikie mpaka ukose hamu ya chai.

Niseme kitu kidogo kuhusu kutegemea, maana na sisi tumewahi kukosea. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa namba 2 na Memphis mwaka 2009, kwenye zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7, ndo nilianza kuamka usiku kuangalia NBA, nchi nzima tuliamka. Tulitaka atawale palepale, mwezi wa kwanza. Februari 2010 wakampeleka ligi ndogo, wakati ule hakukuwa na mchezaji wa namba ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko, na huku kwetu alisemwa vibaya mno, na mimi nilikuwemo. Dogo alianza basketi kachelewa, na alipochaguliwa alikuwa na miaka 22 tu, tulimdai mahindi mwezi wa nne. Sidhani kama kuna mtu kati yetu aliyekaa akaangalia hata mara moja anafanya nini akiwa hana mpira.

So fanya hivi. Mpaka mechi kama ya kumi usihesabu ushindi kabisa. Chagua mchezaji mmoja, umwangalie kota moja nzima bila kufuata mpira, ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, macho yanavutwa. Mimi napenda kota ya tatu, maana wametoka mapumziko, wamekaa dakika 15, kocha ameongea, kwahiyo dakika tano za kwanza za hapo hawana kisingizio cha kuchoka wala cha kutoambiwa. Hesabu mara ngapi amerudi mbio na mara ngapi ametembea, andika hata nyuma ya risiti. Asubuhi ingia tovuti ya NBA, tangu 2016 wanatoa takwimu za mahangaiko, mipira mingapi mtu kaigusa ikapoteza njia, mingapi kaiokota chini, mipigo mingapi kaiwekea mkono, ulinganishe na risiti yako. Utakuta kuna mtu umemtukana wiki mbili kumbe ndo anahangaika kuliko wote, na kuna kipenzi chako mmoja atakuvunja moyo.

Rekodi iangalie Krismasi. Watakuwa wamecheza mechi kama 30, NBA siku ile wanaweka mechi tano mfululizo, na nyinyi huko Moshi ndugu wote wamesharudi kutoka Dar so utakuwa na watu wa kubishana nao kwa saa zinazoeleweka. Phil Jackson, kocha mwenye mataji 11, alikuwa na kipimo chake kwamba timu ya ubingwa inafikisha ushindi 40 kabla haijafungwa 20. Nyinyi mmeshatumia nne, kwahiyo zimebaki kumi na tano za kupotezea, sio hali ya kuita mchungaji. Ikifika Krismasi wako chini na risiti zako zinaonyesha wanatembea, njoo tena, nitaandika na wewe malalamiko. Wakiwa chini na wanakimbia, vumilia mpaka mwezi wa tatu.

Na hilo la usingizi: Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, so mechi uliyokuwa unaangalia saa nane na nusu sasa inaanza saa tisa na nusu. Kota ya tatu inaangukia kama saa kumi na moja alfajiri. Weka alamu hapo, zile mbili za kwanza lala tu, utaziona kwenye marudio ukiwa kwenye daladala.